Maua ya Sanai Kwenye Shamba la Mwiko

Wasikilizaji wapendwa, Bwana asifiwe. Hamjambo huko mliko, wa jikoni na wa njiani, na nyie mliopo shambani mmeinama huku redio imening'inia kwenye mshelisheli. Natoka Naivilawa sasa hivi. Leo asubuhi ndugu zetu wa huko wamevua nguo nyeusi za msiba. Viatu vyangu vina matope na fundi mitambo ameshanitazama vibaya, lakini atanisamehe. Ni matope ya heshima.

Leo tunamkumbuka Alumita Vunibola. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Alumita Vunibola wa Naivilawa, mjane wa marehemu Maciu, mama yake Vilisi. Mkulima wa kabichi, nyanya na pilipili hoho. Mungu alimchukua katika majira haya ya joto yaliyopita.

Bondeni kwetu Sigatoka wakulima wa kabichi ni wengi. Utaniuliza, kwa nini kipindi kizima kwa ajili ya huyu mmoja? Kwa sababu ya kipande cha ardhi kilichopo kando ya mto, chini ya mshelisheli. Na kwa sababu ya swali lililogawa ukoo mzima. Swali lenyewe ni hili: kilichoota pale, ni pori au ni zao? Shikeni hilo swali, tutalirudia.

Alumita hakuzaliwa Naivilawa. Alitoka milimani, juu kabisa, akaolewa bondeni. Tangu utoto alikuwa mtu wa kufunua vitu. Vilisi, binti yake, aliniambia hivi tukiwa tunamenya dalo, yale magimbi yetu: "Mama akienda kununua sufuria, haangalii ndani. Anaigeuza aone kitako. Muuzaji anauliza, mama unatafuta nini huko chini? Mama anasema, natafuta kilichopo."

Mimi mwenyewe nilimwona siku tunachimba msingi wa jiko la kanisa. Tulikuwa na nguo zetu nyeupe za Jumapili. Mchungaji ameshafungua kitabu tayari kwa maombi. Tunamtafuta Alumita, hayupo. Kumbe yuko ndani ya shimo, amepiga magoti, anapapasa ukuta wa udongo kwa kiganja. "Jamani, njooni muone," anasema, "huku juu ni mweusi kama mkaa, halafu unaishia hapa kama umekatwa na kisu. Uliobaki ni mwekundu mtupu. Kwa hiyo sisi sote tunakula kutoka kwenye hiki kipande chembamba tu?" Mchungaji akasema, "Dada Alumita, tuombe kwanza." Akajibu, "Ombeni, nasikia vizuri tu hata nikiwa humu."

Ndivyo alivyokuwa. Neno lake lilikuwa moja: huko chini kuna nini?

Sasa nyie wa bondeni mnajua desturi yetu ya majira ya joto. Kuanzia Krismasi mpaka karibu na Pasaka, kabichi haikai. Jua linaiunguza, mvua inaiozesha, viwavi wanamalizia. Kwa hiyo tunavuna cha mwisho, tunang'oa magugu yote, tunaliacha shamba jeupe, safi kama uwanja uliofagiliwa. Mkulima mzuri anajulikana kwa shamba jeupe. Ukipita njiani unasema, ah, hapa pana mtu.

Na mnajua upande wa pili wa desturi hiyo. Ardhi ni ya ukoo. Ukiiacha ikaota pori, maana yake umeitupa. Ukoo unaweza kuichukua ukampa mwingine. Kwa mwanamke aliyeolewa, tena mjane, jambo hilo halina mchezo. Alumita alilima kipande kile kwa sababu Maciu alikilima. Maciu akafa. Kilichomshikilia pale ni jembe lake tu.

Basi Alumita alikuwa na shamba jeupe kama wengine. Lakini mvua kubwa zikinyesha alikuwa haingii ndani. Anakaa barazani na kikombe cha chai ya majani ya mchungwa, anautazama mto. Mto unapita mzito, rangi ya kahawa. Jirani yake, mzee Khelawan, anayelima biringanya na miwa ng'ambo ya barabara, alipita siku moja amejifunika gunia.

"Dada, unangoja meli?"

"Namtazama mwizi," akasema Alumita.

"Mwizi yuko wapi?"

"Huyo anapita mbele yako. Unaona rangi yake? Ule ni udongo. Kuna mtu huko juu amelima, na mto unabeba. Na wangu umo humo, kaka Khelawan. Ule mweusi wa juu. Ukiisha ule, nitapanda nini, matofali?"

Khelawan akacheka. Halafu hakucheka tena. Akasimama pale, maji yakimchuruzika kwenye gunia, akasema: "Mama yangu alikuwa anapanda kitu majira haya. Sanai. Yeye alikuwa anaambua ganda la shina anasokota kamba, kama mama yake alivyofanya huko walikotoka. Lakini nakumbuka kitu kimoja. Mwaka uliofuata, pale palipokuwa na sanai, biringanya zilikuwa hazishikiki."

Mmea huo, wasikilizaji wapendwa, wengine mnauita marejea. Ni jamii ya maharage. Unasimama wima, unampita mtu urefu, maua yake ni ya manjano. Khelawan alikuwa na mbegu kidogo kwenye kopo la maziwa, kopo la marehemu mama yake. Akampa Alumita zote.

"Usipoteze kopo," alisema. "Mbegu potezea ardhini."

Krismasi ikapita. Watu wakasafisha mashamba yao yakawa meupe. Alumita akasafisha lake, kisha akapanda. Mvua ya kwanza, ikaota. Mvua ya pili, ikafika magotini. Punde si punde huwezi kumwona Alumita akiwa ndani ya shamba lake mwenyewe. Watu wakaanza kupunguza mwendo wakipita pale. Wanawake wa kikundi chetu wakawa wanaulizana baada ya maombi: jamani, amekata tamaa? Anaumwa?

Ndipo akaja Aporosa. Aporosa ni mkuu wa ukoo, kaka wa marehemu Maciu, kwa hiyo shemeji yake Alumita. Ni mtu mrefu, hasemi sana, na akisema amemaliza. Alisimama ukingoni mwa shamba na fimbo yake.

"Shemeji."

"Naam, shemeji. Karibu."

"Nikaribie wapi? Sioni mlango. Hili pori limeanza lini?"

"Si pori, shemeji. Ni zao."

"Zao la nini? Linaliwa?"

"Haliliwi."

"Linauzwa?"

"Haliuzwi."

"Basi shemeji, katika lugha yangu mimi, kisicholiwa na kisichouzwa, kinachofika juu ya kichwa changu, kinaitwa pori."

Alumita akamshika mkono wa shati. Mnaelewa, si kawaida. Akamvuta mpaka pembeni, akamwinamisha. "Chungulia hapa chini," akasema. Aporosa akachungulia. Mashina yalikuwa yamesimama kwa mistari, mstari na mstari, yamenyooka kama viti vya kanisani. "Pori linajipanda lenyewe," Alumita akamwambia. "Umewahi kuona pori linapanga foleni?"

Aporosa aliinuka, akajifuta magoti. Hakusema ni zao. Hakusema ni pori. Alisema, "Nitaangalia kabichi."

Hapo nataka niwaambie kweli, maana kipindi hiki si cha kumpaka marehemu mafuta. Msimu ule wa kwanza Alumita alikosea. Sanai ilipotoa maua alifurahi mno. Nyuki walijaa. Tulikwenda pale na vikapu, tukachuma maua ya kupamba kanisa, na yeye akasema, acheni yaendelee, ni mazuri. Akayaacha. Maua yakawa maganda, maganda yakakauka yakawa yanachezacheza kwa upepo kama kayamba. Alipokuja kukata, panga linaruka. Mashina yamekuwa kuni. Akayafukia hivyo hivyo kwa plau ya ng'ombe ya Khelawan, akapanda kabichi juu yake.

Kabichi zikawa njano. Zikadumaa. Khelawan alikuja akashika shina moja lililotokeza ardhini, akalivunja, akaambua ganda lake, akaanza kulisokota pale pale kwenye paja. "Dada," akasema, "hii si mbolea tena. Hii ni kamba." Akampa ile kamba. Alumita akaitundika ukutani jikoni.

Bibi shamba alipopita kutoka Sigatoka mjini, Alumita alimkalisha chini, akampa chai na muhogo wa nazi, akamwuliza maswali mpaka chai ikapoa. Akaeleweshwa. Shina likiwa laini linaoza upesi, linaulisha udongo. Likishakuwa gumu, udongo unapata kazi ya kulitafuna kwanza, na kabichi inangoja mezani bila chakula. Kwa hiyo unakata maua ya kwanza yakifunguka. Hungoji uzuri.

"Kumbe ni kama majani ya dalo," Alumita akaniambia baadaye. "Ukichuma mapema ni mboga, ukichelewa unatafuna turubai."

Lakini kabichi zilikuwa njano, na Aporosa alikuwa amesema ataangalia kabichi. Ukoo ulikutana. Yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, ikakorogwa, bakuli likazunguka. Wengi walitaka kipande kile apewe mwanawe Aporosa, ambaye alikuwa ameoa na hana pa kulima. Aporosa akasema: msimu mmoja mwingine wa joto. Akishindwa, anaachia.

Msimu mmoja. Shikeni na hilo.

Mwaka uliofuata Alumita alipanda tena. Alikuwa anakwenda shambani asubuhi na mapema kuangalia vichwa vya mimea kama mama anayeangalia mtoto mwenye homa. Aling'oa mmoja akaniletea studio, mizizi na udongo wake, akaumwaga hapa hapa kwenye meza hii ya mitambo. Fundi mitambo anakumbuka. Mizizi ilikuwa na vinundu vidogo vidogo. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani ni chekundu kidogo, kama ufizi wa mtoto.

"Unaona?" akasema. "Hapa ndipo kinapopika. Kinachukua hewa, kinapika, kinauwekea udongo. Mimi nimetembea juu ya majiko haya maisha yangu yote, sijui." Kisha akaniuliza, "Na wewe uliyeko redioni, hujawahi kuambiwa?" Nikasema sijawahi. Akasema, "Basi sema." Ndiyo nasema.

Ua la kwanza lilipofunguka, akakata. Hakufukia. Alilaza yote juu ya ardhi, kama mkeka, akaiacha. Shamba likaonekana baya kuliko mwaka wa kwanza. Limelala ovyo, linanuka majani yaliyovunda. Mwanawe Aporosa akawa anapita anapima kwa macho atakapoweka kitalu chake.

Kisha mvua ile ikaja. Mnaikumbuka. Sitaieleza, maana wapo kati yenu waliopoteza zaidi ya udongo. Mto ulitoka ukaingia mashambani, ukakaa, ukaondoka. Asubuhi tulipotoka, mashamba meupe yote yalikuwa yameoshwa. La Aporosa lilikuwa limebaki mawe, yamechomoza kama meno. La Alumita mkeka ulikuwa umejaa tope na takataka za mtoni, lakini ulikuwepo. Visiki vya sanai viliushika.

Alumita alikuwa amechuchumaa katikati. Amechomeka mkono chini ya mkeka mpaka kwenye kiwiko. Watu wakamkusanyikia. Aporosa naye akaja.

"Huko chini kuna nini?" mtu mmoja akauliza kwa dhihaka kidogo, akimwigiza.

Na yeye akasema, "Njoo uweke mkono wako."

Nikaweka mimi. Palikuwa na ubaridi. Palikuwa na unyevu wa kupendeza, na udongo mweusi unavunjika vidoleni kama keki. Nyungunyungu akanipitia kwenye kidole, nikapiga kelele, wakanicheka.

Aporosa hakuweka mkono. Aliangalia. Kabichi za mwaka ule zilifunga vichwa vizito hivi kwamba Vilisi alibeba moja mgongoni kama mtoto, akaipeleka kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Na kipande hakikuzungumzwa tena. Kipindi cha joto kilichofuata mke wa Aporosa alikuja kwa Alumita na kopo tupu.

"Nimetumwa chumvi," akasema.

"Chumvi iko dukani," Alumita akamjibu. "Hii unayoitaka aje aiombe mwenyewe."

"Wifi, unamjua mtu wako. Atakufa kwanza."

"Basi chukua. Lakini mwambie, shemeji yake anamuuliza: ni pori au ni zao?"

Muda si mrefu sanai ikaota shambani kwa Aporosa, mstari na mstari.

Ndivyo ilivyokwenda, mwaka hata mwaka. Alumita aliacha pembe moja tu, ile chini ya mshelisheli, bila kuikata, kwa ajili ya mbegu. Kila mwenye kopo alikuja pale.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika mahali pagumu.

Mwaka huu Alumita alipanda kama kawaida. Sanai ilikuwa imempita urefu. Alhamisi ile alitoka kwenye maombi ya akina mama, akapitia shambani. Alirudi na ua moja la manjano nywelini. Akamwambia Vilisi, "Limefunguka. Jumatatu tunakata." Usiku ule moyo wake ulisimama. Aliondoka katika usingizi. Bwana alitoa, na ni yeye aliyetwaa.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mikeka ilijaa nyumba mbili. Na siku ya mazishi Aporosa akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alikwenda kwenye shamba la Alumita, akasimika mti, akaufunga kwa majani ya mnazi, akaweka mwiko. Hakuna mguu wa ukoo kuingia, hakuna mkono wa ukoo kukata jani, mpaka siku ya kuvua nguo nyeusi. Mwiko wa namna ile kwetu huwekewa wakuu. Mto hufungwa kwa ajili yao, au mwamba wa samaki. Mwanamke aliyetoka milimani, mjane, hajawahi kuwekewa. Wazee walilia. Na nikaona kitu alichofungia yale majani. Ilikuwa ni kamba ya Khelawan, ile iliyokuwa ukutani jikoni.

Ilikuwa heshima ya kweli. Na ilikuwa kosa la kweli.

Kwa sababu maua yameshafunguka. Wiki hii ni mboga, wiki mbili baadaye ni kuni. Na nguo nyeusi zingevuliwa mbali kabisa, karibu na Pasaka. Shamba lingekuwa kayamba tupu, na mbegu zingemwagika kila mahali, na Vilisi angepanda kabichi za kwanza bila mama yake, zikawa njano. Na mwanawe Aporosa bado hana pa kulima.

Vilisi alinijia nyuma ya jiko. Alikuwa hajala.

"Mama mdogo, ataamka kaburini. Naapa, nasikia anauliza wamekata?"

"Umemwambia baba yako mkubwa?"

"Nimemwambia. Ameniangalia. Amesema, aliyefunga mwiko hafungui. Basi. Akaenda zake."

Na ndivyo ilivyo, jamani. Mwiko si kitasa cha mlango. Mkuu akifunga leo akafungua kesho, hatakuwa na mwiko mwingine tena maishani mwake. Tukaomba, sisi wawili, pale kwenye moshi. Sikuona njia, ila niliona kwamba Aporosa hakuwa anakunywa yaqona na wenzake. Alikuwa amekaa barazani kwake na jiwe la kunolea, ananoa panga. Akimaliza moja, anachukua jingine. Nikajiuliza, mtu wa msibani ananoa mapanga ya nini?

Watani wetu wa visiwani hawakuwahi mazishi. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Mnawajua watani wetu. Akifa mtu kwetu, wao huja kutucheka. Hukamata kuku, huvaa magauni ya marehemu, hukojoza watu kwa kucheka mbele ya jeneza, na hakuna wa kununa. Ni haki yao, kama sisi tunavyowafanyia kwao. Barabara ilipofunguka, siku chache baada ya mazishi, wakafika, wamejaa kwenye lori, mbele yao Tokasa, mama mnene mwenye sauti ya honi.

"Enyi wala matope!" akaanza kabla lori halijasimama. "Poleni na msiba. Tumesikia mmefiwa na mtu mmoja tu aliyejua kulima, sasa mtakula nini, mawe?"

"Enyi wanuka samaki!" tukamjibu. "Shukeni upande wa chini ya upepo!"

Akashuka. Akaomboleza kwanza kama inavyopasa, machozi ya kweli. Kisha akajifuta, akaenda moja kwa moja mpaka shambani, akasimama mbele ya ule mti wa mwiko.

"Hebu njooni muone maajabu. Watu wa bondeni wameshindwa kupalilia, wameona bora wayawekee magugu mwiko! Aporosa! Wewe mzee mrefu kama mwanzi! Hili ni nini? Ni pori au ni zao?"

Hilo swali Tokasa alilipata wapi, huko visiwani?

Aporosa alikuwa amesimama kwa mbali. "Hilo lina mwiko," akasema. "Hakuna mkono wa ukoo utakaoligusa."

"Ukoo wenu. Mimi ni wa ukoo wenu? Mungu aepushe! Vijana, kateni. Tunawapora hawa. Tunawapora pori lao lote."

"Nawakataza," alisema Aporosa.

"Kataza kwa sauti, baba, hatukusikii. Kaa chini unywe maji, utaanguka."

Wakaingia. Vijana wa kisiwani, akina mama waliovaa magauni ya Alumita, wote na mapanga. Walikuja mikono mitupu kwenye lile lori, nilihesabu kwa macho yangu. Mapanga waliyakuta yameegemezwa kwenye baraza ya Aporosa, makali kama wembe. Wakakata chini kabisa, wakalaza vizuri, shina huku na shina huku, mkeka. Hawakubeba hata jani. Waporaji gani hao? Walichopora ni jogoo wa Aporosa tu, na yeye akamkimbilia huku na huku kama inavyotakiwa, mpaka watu wakalala chini kwa kicheko. Vilisi alicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu msiba.

Na ile pembe chini ya mshelisheli waliiacha imesimama. Kwa ajili ya mbegu. Nani aliwaambia waiache? Nilimfuata Aporosa jioni nikamwuliza, maana kazi yangu ni kuuliza.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeporwa. Hukuona jogoo wangu?"

Sasa tuje asubuhi ya leo. Nguo nyeusi zimevuliwa. Aporosa aliuchomoa mti wa mwiko. Kamba akaifungua polepole, hakuikata, akamrudishia mzee Khelawan mkononi. Kisha yeye, ambaye miaka yote hajainama pale tangu ile siku aliyoinamishwa, alipiga magoti kwenye mkeka wa sanai. Suruali yake mpya ya sherehe. Akachomeka mkono chini, mpaka kwenye kiwiko. Akakaa hivyo muda mrefu.

Mwanawe ndiye aliyeuliza. "Baba, huko chini kuna nini?"

Aporosa hakuinua kichwa. "Njoo uweke mkono wako," akasema. "Kisha umsaidie dada yako Vilisi kupanda. Hili ni shamba lake."

Na pale pembeni, kati ya sanai za mbegu, tumekuta kitu. Kunde zimepanda juu ya mashina ya sanai, na maharage ya fiwi kidogo. Alumita alizichanganya mwaka huu bila kumwambia mtu. Alikuwa anataka kujua nini? Vilisi hajui. Mimi sijui. Vilisi amesema ataziacha zikomae, tuone.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii nawapa pole Vilisi, mzee Aporosa na ukoo wote wa Naivilawa, pamoja na ndugu wa milimani waliomzaa. Pole pia mzee Khelawan. Tunajua barazani kwako kuna kikombe cha chai ambacho hakina mtu. Mungu awafunike kwa mkono wake kama Alumita alivyoifunika ardhi yake.

Na wewe unayenisikiliza. Kesho ukiamka utaliona shamba la jirani ambalo hulielewi. Refu, limevurugika, halina faida unayoiona. Kabla hujasema ni pori, inama. Weka mkono.